Vitoto vya paka visivyo na mama: maswali mnayoniuliza kila siku, kuanzia maziwa mpaka kula vyenyewe

Kila msimu wa korosho ukianza ndo na simu zinaanza. Ghala lilikuwa kimya miezi kibao, paka kajizalia zake nyuma ya magunia, sasa vibarua wanaingia kupanga mzigo wanakuta vitoto vinne vinalia na mama mtu haonekani. Wengine wanavikuta darini, wengine ndani ya ngalawa iliyofunikwa kule Mikindani, wengine kwenye boksi la mitumba. Maswali ni yale yale kwaiyo nimeyaweka hapa kwa pamoja, mtu akiniuliza namtumia hii. Mi sio daktari wa mifugo, nalea tu. Ila nionavyo, vingi vinavyotufia mikononi havifi kwa njaa, vinakufa kwa baridi na kwa maziwa tunayovipa kwa huruma. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Nimekuta vitoto vya paka, mama yao simuoni. Nivichukue?

Usikimbilie. Paka anayenyonyesha lazima atoke akatafute chakula, na kuna wakati anahamisha wanawe, anabeba mmoja mmoja kwa shingo, sasa we unaweza ukawa umefika katikati ya kazi yake ukamuibia wawili waliobaki. Angalia matumbo. Vitoto vilivyoshiba, visafi, vimelala vimerundikana, hivyo vina mama, ondoka zako. Vichafu, tumbo limeingia ndani, vya baridi ukivigusa na vinalia tu bila kunyamaza, hapo kuna shida.

Kama bado vina joto na hakuna mbwa karibu, kaa mbali (mbali kweli, sio umesimama pale na watoto sita wa mtaa mnapiga picha) usubiri masaa kadhaa. Kuna ujanja wa kunyunyiza unga kidogo kuzunguka pale, ukirudi ukakuta nyayo ujue mama kapita. Ila kama umeona kabisa paka kagongwa na bodaboda na unajua ndo mwenyewe, chukua saa hiyo hiyo, usisubiri kitu.

Nikivishika mama hatavikataa kwa sababu ya harufu yangu?

Hapana, hayo ni maneno ya mtaani. Atavichukua tu.

Jirani yangu paka wake kazaa juzi juzi, nimpelekee?

Ndiyo, na ikiwezekana acha kusoma huku nenda sasa hivi. Hakuna maziwa ya kununua yanayoshinda ya paka mwenyewe, na paka anayenyonyesha mara nyingi anapokea watoto wa mwenzie kama wanalingana umri na wa kwake. Chukua kitambaa anacholalia ufute vitoto vyako ili vinuke kama wenzao, vichanganye na wa kwake yeye akiwa ametoka, alafu kaa pembeni uangalie. Akianza kuvilamba basi mambo yameisha, lala usingizi. Akivifokea au akivipiga kofi vitoe. Na usipeleke vitoto vyenye mafua au viroboto vya kutisha kwa paka wa watu mkaja kugombana bure.

Nitajuaje vina umri gani? Maana kila mtu anasema lake.

Uzito na macho. Kikizaliwa kina kama gramu 100 hivi, macho yamefumba, masikio yamelala na kitovu bado kinaning'inia, hicho kitovu kinadondoka ndani ya siku chache. Macho yanaanza kufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na yote ni ya bluu mwanzoni kwaiyo usianze kumtangazia mtu una paka wa kizungu. Wiki ya 3 masikio yamesimama, kinaanza kutembea kwa kuyumba, na ukipitisha kidole kwenye fizi unasikia vimeno vya mbele. Wiki ya 4 chonge zinatoka na hapo ndo habari ya chakula inaanza. Usiyavute macho yafunguke, hata kama mwenzake keshafungua. Kope zikivimba na usaha unatoka, futa na maji ya uvuguvugu na umuone daktari wa mifugo.

Mtwara joto lote hili, kweli kitoto cha paka kinahitaji kupashwa?

Kinahitaji, na hapa ndo wengi mnapotea. Kitoto cha wiki ya kwanza mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kutosha, kinategemea mama na wenzake. Pale kinapolala panatakiwa pawe kama nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, 27 hadi 29 wiki ya pili, alafu unashusha taratibu. Sasa mchana wa Januari Lindi mjini sawa, jua linakusaidia, lakini usiku wa mwezi wa saba kusi inavuma, na kule juu Newala ndo usiseme, afu kuna mtu kaweka boksi sakafuni kwenye saruji chini ya feni anashangaa asubuhi vimekauka.

Chukua chupa ya soda ya nusu lita, jaza maji ya moto (sio yanayochemka), ifunge na khanga kuukuu mikunjo miwili mitatu, iweke upande mmoja wa boksi. Upande mmoja, sio kuzunguka kote, maana kitoto kikizidiwa joto lazima kiwe na pa kukimbilia. Maji yakipoa badilisha, chupa iliyopoa inanyonya joto la kitoto badala ya kulitoa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usithubutu, hewa yake itaua vitoto na wewe mwenyewe.

Na hili lishike. Kabla ya kunyonyesha ingiza ncha ya kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi USIPE MAZIWA. Tumbo la kitoto kilichopoa halifanyi kazi, maziwa yanakaa humo yanachacha, au yanaishia kwenye mapafu kwa sababu hakina nguvu ya kumeza. Kipashe kwanza taratibu, kiweke kifuani ngozi kwa ngozi chini ya shati, inaweza kuchukua saa zima au mawili. Kikiwa kinalegea sana pakaza tone la maji ya glukosi au sukari kwenye fizi, kupakaza tu, sio kumimina. Kikianza kujinyonganyonga na kutafuta kitu cha kunyonya ndo unaleta maziwa.

Sisimizi wamevamia boksi, nifanyeje?

Hili la kweli kabisa, vitabu vya kizungu hawaliandiki. Tone moja la maziwa likidondoka usiku basi asubuhi kuna mstari wa sisimizi mpaka ndani ya boksi na wanang'ata vitoto kope na kitovu. Weka boksi juu ya kigoda au meza ndogo, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji, na boksi lisiguse ukuta wala pazia. Badilisha kitambaa kila kikilowa. Dawa ya kupuliza ya wadudu usipulize chumba hicho.

Maziwa ya ng'ombe si maziwa tu?

Sio. Maziwa ya paka yana protini kama mara mbili ya ya ng'ombe na mafuta zaidi, wakati ya ng'ombe yana sukari ya maziwa nyingi kuliko tumbo la kitoto linavyoweza. Matokeo yake kinahara, kinakauka maji, na kitoto cha gramu 150 kikihara siku moja tu hali inakuwa mbaya. Afu watu wanakwambia "bibi yangu alikuwa anawapa ya ng'ombe na hawafi". Bibi alikuwa anawapa paka wakubwa waliokuwa wanakula na panya, bwana.

Kinachotakiwa ni maziwa maalum ya unga ya vitoto vya paka, kama KMR na mengine ya aina hiyo. Ulizia duka la dawa za mifugo, likikosekana muombe mtu Dar akununulie apakie kwenye basi, kesho yake unayo. Ni ghali, sitawadanganya. Koroga kama kopo linavyosema, usiongeze maji ili yafike mwisho wa mwezi.

Tui la nazi je? Nazi tunazo za kumwaga.

Hapana jamani. Tui ni mafuta ya mmea na maji, protini yake ndogo. Tui tulilie wali, vitoto viacheni.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu?

Yana protini kidogo hata kuliko ya ng'ombe, kwaiyo kitoto kinaweza kushiba na bado kisikue. Acha.

Sasa ni saa nne usiku, maduka yamefungwa, kitoto kinalia. Nitumie nini?

Ya dharura, ya siku moja au mbili tu wakati unasubiri maziwa yenyewe: maziwa freshi yasiyopunguzwa mafuta robo lita, ya mbuzi au ya ng'ombe, yachemshe yapoe yawe uvuguvugu, weka viini viwili vya yai (ute mweupe tupa au kaanga ule mwenyewe) na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Koroga vizuri uchuje kwa chujio la chai, maana uzi wa yai unaziba chuchu. Usiweke sukari, usiweke asali. Yakae kwenye friji na yasizidi siku moja, kama huna friji tengeneza kidogo kidogo kila mara umwage yanayobaki. Yako sawa kumvusha usiku, hayako sawa kumlea wiki tatu.

Nanyonyeshaje? Nimeona watu wanamlaza chali kama mtoto.

Hapo hapo ndo wanapomuua. Kitoto cha paka hakinyonyi chali. Kinanyonya kikiwa kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo tu, vile vile ambavyo kingekuwa kwa mama yake. Chali maziwa yanaingia mapafuni.

Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mili 2 au mili 5, bila sindano yenyewe, bei yake ndogo tu. Chupa zenye chuchu ndogo zipo ila huku sio rahisi kuzipata. Maziwa yawe na joto la mwili, yadondoshe kwenye mkono upande wa ndani usisikie moto wala baridi. Kiweke kitoto juu ya taulo mapajani ili makucha yapate pa kushika, gusisha ncha ya bomba pembeni ya mdomo, kikifungua dondosha tone, subiri, tone jingine. Usisukume. Wewe unafuata spidi yake, sio yeye yako. Kikishika vizuri utaona masikio yanacheza, yanarudi nyuma na mbele kwa kila funda, na miguu ya mbele inakanda taulo. Hayo masikio yakianza kucheza ujue kinameza kweli. Kikimaliza kiinue wima begani ukipigepige taratibu kicheue.

Maziwa yametokea puani!

Acha mara moja, kiinamishe kichwa chini, futa pua, kiache kikohoe. Kama imetokea mara moja na kimerudi kawaida punguza kasi. Kama kinapumua kwa shida, kinatoa sauti ya kukwaruza kifuani au kimekataa maziwa baada ya hapo, maziwa yameingia mapafuni na hiyo ni kazi ya daktari leo leo.

Kiasi gani, na mara ngapi? Na usiku pia niamke?

Usiku pia uamke, ndio. Wiki ya 1 kila baada ya saa 2 hadi 3, wiki ya 2 kila saa 3 hadi 4, wiki ya 3 kila saa 4 hadi 5, wiki ya 4 kila saa 5 au 6. Tumbo la kitoto cha gramu 100 linabeba kama mili 4 kwa mara moja, na kwa siku nzima kinahitaji kama mili 20 kwa kila gramu 100 za uzito wake. Kwaiyo cha gramu 200 ni kama mili 40 kwa siku, gawanya mwenyewe kwa idadi ya milo. Tumbo likiwa la mviringo laini inatosha. Likiwa gumu kama ngoma umezidisha.

Wenye wafanyakazi wa nyumbani msiwaachie peke yao, dada wa watu kaamka saa kumi na moja kupika chai ya watoto wa shule na bado unataka aamke saa nane usiku kwa ajili ya paka wako. Gawaneni zamu.

Ni siku ya pili hakijakojoa wala kunya, nimpe dawa ya kulainisha choo?

Usimpe dawa. Kitoto kidogo hakiwezi kujisaidia chenyewe mpaka kama wiki ya 3, mama yake ndo anamlamba chini ili kitoke. Wewe chukua pamba au kitambaa laini, lowanisha maji ya uvuguvugu, sugua taratibu sehemu za siri na mkunduni, kila kabla na baada ya kunyonya. Mkojo unatoka pale pale. Kinyesi kinaweza kutoka mara moja tu kwa siku, cha rangi ya haradali, kizito kidogo. Mkojo ukiwa na rangi kali ya njano iliyokolea, kitoto kimepungukiwa maji. Futa kikauke, usiache ngozi imelowa ikachubuka.

Nitajuaje kinakua?

Mizani ya jikoni ya dijitali, ile ya kupimia unga wa keki. Pima kila siku muda ule ule, andika ukutani, andika kwenye simu, popote. Kinatakiwa kiongeze gramu 10 hadi 15 kwa siku, kwa wiki ni kama gramu 70 hadi 100. Macho ya binadamu yanadanganya, unaweza ukawa unaona "anachangamka" kumbe uzito umesimama tangu juzi. Uzito ukisimama siku nzima ongeza umakini, ukishuka tafuta msaada hata kama bado kinalia kwa nguvu. Na kama viko vinne pakeni rangi ya kucha tone moja kwenye kucha ya mguu tofauti, la sivyo mmoja atanyonya mara mbili na mwingine atakosa.

Vina viroboto vingi sana, nimwage ile dawa ya unga ya mbwa?

Usiguse. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina permethrin, hiyo ni sumu kwa paka wa umri wowote, kinatetemeka na kufa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ya kupe nayo hivyo hivyo. Lakini viroboto navyo sio vya kuacha, vikiwa vingi vinamaliza damu ya kitoto, fizi zinakuwa nyeupe. Mwoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, anza na shingo ili visikimbilie usoni, suuza, kausha kabisa na taulo, mrudishe kwenye joto. Vilivyobaki toa na kitana chenye meno ya karibu karibu. Afu choma kile kitambaa cha zamani.

Na tukiwa hapo hapo kwenye sumu: Panadol usimpe paka, hata nusu hata robo. Inaua.

Kinahara, nifanyeje?

Kwanza jiulize umempa nini na kiasi gani, mara nyingi ni kuzidisha au maziwa yamekaa nje. Bana ngozi ya mgongoni uiachie, ikichelewa kurudi kimekauka maji, japo kwa vidogo sana hiyo sio ya kutegemea, angalia na fizi kama zinanata. Maji ya ORS matone matone katikati ya milo yanasaidia. Kuhara kukivuka siku moja, au kuna damu, au kimelegea, sio suala la kuuliza kwenye simu tena.

Lini naanza kumuachisha maziwa?

Karibu wiki ya 4, na sio kalenda peke yake inayosema. Kinaanza kutafuna ncha ya bomba badala ya kunyonya, kinatembea vizuri, chonge zipo, kinanusa sahani yako. Wiki 3 ni mapema, tumbo bado. Kazi nzima inachukua wiki mbili hadi nne, wengi wakifika wiki 8 wameshaacha kabisa. Mtu anayekwambia kaachisha kwa siku mbili, muulize kitoto kina uzito gani sasa hivi.

Naanzaje hasa?

Tengeneza uji. Maziwa yale yale aliyoyazoea, uvuguvugu, changanya na chakula laini cha vitoto vya paka, au kuku aliyechemshwa bila chumvi bila kitunguu bila viungo, ukamsaga kabisa kwenye blenda au kinu mpaka hakuna uzi. Mwanzo uwe mwepesi wa kumiminika. Weka kwenye kisahani bapa, sio bakuli la kina. Usimtumbukize uso ndani, akivuta uji puani atakichukia hicho kisahani wiki nzima. Pakaza uji kidogo kwenye kidole alambe, shusha kidole taratibu mpaka kwenye sahani, alambe hapo. Wengine wanaelewa mlo wa kwanza, wengine wanaingia na miguu yote minne wanakanyaga, wanapiga chafya, wanaondoka na uji kwenye masharubu. Ni kawaida hiyo. Mfute na kitambaa kibichi, mkaushe, jaribu mlo unaofuata.

Baada ya uji mpe maziwa yake kama kawaida. Siku za mwanzo sahani ni ya kujifunzia tu, shibe inatoka kwenye bomba. Akianza kula vizuri, geuza, sahani kwanza, bomba la kujazia. Kila baada ya siku chache punguza maziwa kwenye uji uwe mzito zaidi, mpaka inakuwa nyama laini tu. Milo minne kwa siku. Na kuanzia siku ya kwanza ya uji weka maji safi kwenye kifuniko kifupi.

Joto la huku chakula hakikai. Nusu saa, kisichoisha toa, ukiacha mpaka jioni nzi wameshamaliza kazi yao na we utarudi hapo juu kwenye swali la kuhara. Uzito unaweza kusimama siku moja wakati wa kubadilisha, ukishuka rudi hatua moja nyuma, ongeza maziwa.

Sisi tunakula ugali na dagaa, si ale hivyo hivyo?

Hili swali nalipenda kwa sababu ndo maisha yetu, sio kila mtu ataagiza chakula cha paka Dar. Paka ni mla nyama, hana namna. Kuna kitu kinaitwa taurini, mwili wake hautengenezi cha kutosha, kinatoka kwenye nyama na samaki, akikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Ugali hauna. Kwaiyo sahani ya ugali iliyolowekwa mchuzi wa dagaa inajaza tumbo haijengi kitu, na huo mchuzi una kitunguu, ambacho kinaharibu damu ya paka.

Geuza uwiano. Dagaa wakavu waloweke, mwaga maji ya kwanza yaondoke na chumvi na mchanga, wachemshe, toa vichwa, saga. Mifupa yao midogo inasagika kwaiyo kalsiamu inapatikana, wakati nyama tupu peke yake haina kalsiamu ya kutosha na mifupa ya kitoto inakuwa dhaifu. Samaki wapikwe siku zote, wabichi wengine wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na wakubwa kama changu toa miba yote kwa vidole, usiamini macho. Ng'onda hapana, chumvi. Jodari siku moja moja sawa ila kila siku hapana, samaki wa mafuta peke yake wanampa ugonjwa wa mafuta ya mwilini, anaumia ukimgusa. Maini kidogo mara moja au mbili kwa wiki, yakizidi vitamini A inazidi. Kuku, yai lililoiva, utumbo uliochemshwa, badilisha badilisha. Kama una uwezo wa kuchanganya na chakula kikavu cha vitoto vya paka hata nusu kwa nusu, kiloweke maji ya moto kilainike, fanya hivyo. Cha mbwa hapana, hakijatengenezwa kwa ajili yake.

Wiki ya 6 na bado anataka bomba, sahani haigusi.

Mpashe chakula kidogo kinuke, paka anakula kwa pua. Akiwa na mafua hanusi kwaiyo hali, safisha pua kwanza. Mcheleweshee bomba mpaka awe na njaa kidogo ndo uweke sahani, lakini usimkomoe kwa kumnyima siku nzima, kitoto hakina akiba mwilini. Akiwepo mwenzake anayekula mlishe naye pamoja, wivu unafundisha kuliko sisi.

Choo anajifunzaje?

Kuanzia wiki ya 3 au 4 weka trei fupi yenye mchanga safi, mweke humo kila akimaliza kula. Mengine anajua mwenyewe.

Minyoo na chanjo?

Karibu vyote vina minyoo, vinaipata hata kwenye maziwa ya mama. Dawa kama pyrantel inaweza kuanza kutolewa wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki mbili, ila kipimo kinaenda na uzito kwaiyo nenda na ile rekodi yako ya mizani kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya magonjwa ya paka yenyewe huanza wiki ya 6 hadi 8, ya kichaa cha mbwa kwa kawaida miezi 3. Sikilizeni matangazo ya halmashauri, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Na ukiwa unalea paka wa kuokota, aking'ata au kukukwaruza osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 uende hospitali, usipake mate wala mafuta ya taa.

Mke wangu ni mjamzito, tuviache?

Sio lazima kuviacha, badilisheni kazi. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, na vinahitaji angalau siku moja nje kabla ya kuweza kuambukiza, kwaiyo trei isafishwe kila siku na wewe baba, sio mama. Nyama isiyoiva nayo inaambukiza, msiiogope paka mkasahau mishikaki ya damu damu.

Nimefanya yote na kimoja kimekufa usiku.

Pole sana. Inatokea, hata vyenye mama vinakufa wiki za mwanzo. Kagua joto na uzito wa waliobaki sasa hivi, badilisha kitambaa, chemsha mabomba.

Wiki ngapi naweza kumpa mtu?

Wiki 8 kwenda juu, anakula mwenyewe, ameshapewa dawa ya minyoo. Mpe na chakula chake cha siku tatu, akibadilishiwa nyumba na chakula siku moja tumbo linavurugika. Kama anayemchukua anamtaka wa kukamata panya shambani au ghalani, muulize kwanza kama anaweka sumu ya panya, maana paka akila panya aliyekula sumu naye anaondoka. Na alishwe, paka aliyeshiba bado anawinda. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, kwaiyo ongea na daktari kuhusu kumfunga kizazi mapema.

Kidume au kijike?

Inua mkia. Tundu mbili ziko karibu karibu na ya chini ni kamstari, jike. Ziko mbali na ya chini ni kiduara, dume. Chini ya wiki 6 msibishane, subirini.